Zamu ya Lango la Iveti

Shuleni, Mutomo
4 Mei 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umepunguza maringo. Mimi ni mzima. Tulifika salama, kitanda changu ni kilekile cha juu, na muthokoi wa hapa, mahindi na maharagwe yaleyale, bado unapikwa na mtu anayeogopa chumvi. Madam wa Kemia ametuahidi mitihani minne ya majaribio kabla ya Agosti, na anaonekana kufurahia kweli. Susu anaendeleaje? Mama aliniambia nyonga iliyovunjika ya nyanya wa umri ule huchukua miezi kupona, kwa hiyo najua atabaki Kathiani kumwangalia, nawe uko peke yako hapo Mumbuni. Usile chai na mkate kila siku. Kuna dengu kwenye mkebe wa bluu.

Sasa Baba, niko na ombi. Soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Simu yangu iko kwenye droo ya kabati langu, chini ya madaftari ya Kidato cha Tatu. Ndani yake kuna ule mchezo, Ngome Saba. Najua. Ni mchezo wa bure, wa mambo ya zamani: ngome, mapanga, wafalme, mbwa mwitu, na maelfu ya watu wa kila nchi wanaocheza pamoja, kila mmoja kwa simu au kompyuta yake. Kila mchezaji ana mtu wake mle ndani. Wangu anaitwa Kamanthe. Ana nyumba na shamba la mboga za sukuma katika kijiji cha ukoo unaoitwa Iveti. Wengi wetu katika ukoo huo ni watu wa Ukambani. Sheria mpya ya ukoo ni kwamba ukikaa siku ishirini na moja bila kuonekana unatolewa, na nyumba yako inapewa mwingine. Nyumba hiyo nimeijenga kwa miaka mitatu.

Nakuomba unishikie nafasi. Kila siku saa kumi na moja jioni ingia, mwagilia shamba, kisha shika zamu ya lango kwa saa moja. Wakati wa zamu, wewe peke yako ndiye mwenye ufunguo. Wenzako ukiwataka, wanaandika na wewe unaandika, kama ujumbe wa simu. Nimewaambia kwamba binamu yangu Kavutha ndiye atakayenishikia, kwa hiyo ukiulizwa, wewe ni Kavutha. Na mkuu wa ukoo anaitwa Muthiani. Msalimie kila siku. Hilo usisahau, Baba, hata ukisahau sukuma.

Namba ya siri nimeiandika nyuma ya barua.

Binti yako,
Mutheu


Mumbuni, Machakos
17 Mei 2025

Kwa binti yangu Mutheu,

Barua yako imenifikia jana, baada ya siku kumi na mbili. Ningekuja kuichukua kwa huu mguu ningeipata mapema. Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia ni mzima. Jumapili nilikwenda Kathiani. Susu yako sasa anakaa kitako na ameanza kugombana na kila mtu, jambo ambalo daktari anasema ni dalili njema. Mama yako anakusalimu. Mimi hanisemeshi sana, ila kuhusu dawa na maharagwe. Dengu nimeziona.

Kuhusu ombi lako, jibu ni hapana.

Mchezo huo ndio uliomtoa kaka yako katika nyumba hii. Kisilu alikuwa amebakisha mtihani mmoja pale chuoni, akauacha ili akae mbele ya kompyuta akimpigania mfalme ambaye hayupo. Ni miezi kumi na minne sasa. Hapigi simu, laini yake imekufa, na sijui kama anakula. Nimekuuliza mara tatu kama unajua aliko, na mara tatu umeniambia nimuulize Mama. Mama naye anasema nikuulize wewe. Mimi ninachotaka ni kumwona mwanangu. Hicho tu, Mutheu, na ndicho ninachokiwaza nikiamka na nikilala. Halafu wewe unaniomba niingie kwenye mchezo huohuo nimwagilie sukuma!

Hapana, na nimemaliza.

Baba yako,
Jeremiah Ndunda

N.B. Nilifungua ile simu leo mchana, kuona tu kama betri imeharibika. Shamba lako liko kwenye mteremko na halina hata tuta moja. Mvua ya mle ndani inateremsha udongo wote hadi mtoni. Miaka thelathini na moja nimekuwa ofisa wa hifadhi ya udongo wilaya hii, na binti yangu mwenyewe analima namna hiyo. Nimechimba mitaro miwili ya fanya juu na udongo nikautupa upande wa juu, kama inavyotakiwa. Hiyo haimaanishi nimekubali.


Shuleni, Mutomo
1 Juni 2025

Kwa Baba,

Uhali gani? Mimi niko sawa ila mafua yamepita bweni zima na sasa ni zamu yangu. Maji yalikatika siku tatu, tukaoga kwa vikombe. Katika Kemia nimepata 61 na Madam akaniangalia kama mtu aliyemkosea heshima. Mapumziko ya katikati ya muhula nitabaki hapa, sisi wa Kidato cha Nne tuko na masomo ya ziada. Mpe Susu pole na umwambie asiwachoshe wanaomuuguza.

Baba, nilisoma hiyo N.B. yako kwa sauti bwenini na watu wakalia kwa kucheka. Asante sana. Sikujua hata kwamba mle ndani mtu anaweza kuchimba mtaro. Endelea hivyo. Usisahau zamu ya lango, na usimfungulie mtu yeyote asiye wa ukoo, kuna maadui wanatuandama.

Kuhusu Kisilu umeniuliza kwa mara ya nne. Sina cha kuandika, Baba. Wewe endelea kumsalimia Muthiani.

Mutheu


Mumbuni
10 Juni 2025

Kwa binti yangu Mutheu,

Pole kwa mafua. Kunywa maji moto yenye tangawizi, matroni akikukatalia mwambie ni amri ya baba yako. Asilimia 61 si vibaya lakini si ya kutundika ukutani. Susu amesimama kwa dakika mbili akiwa ameshika kiti. Mama yako alilia, nami nilitoka nje kuangalia ng'ombe.

Nimeingia katika Iveti yako kila siku tangu tarehe 18. Nitakuambia ukweli: siku za kwanza niliona aibu, mzee wa miaka sitini na mbili ameketi sebuleni na miwani miwili akichunga shamba la simu. Halafu niliwauliza wale watu ni wa ukoo gani hasa, Aombe au Atangwa au nini. Mtu hawezi kuwa ndugu yangu kwa kubonyeza kitufe. Mmoja anayeitwa Duarte, ambaye mchezo humtafsiria Kiswahili, akajibu kwamba yeye ni wa Brazil. Nikamwambia huo si ukoo. Alicheka sana na tangu siku hiyo ananiletea kuni. Mvua kubwa ya mchezo ilipokuja, mashamba yote yalisombwa isipokuwa lako. Sasa wamechimba mitaro kijiji kizima, nami nikiwasimamia. Wanaume kwa wanawake wanatupa udongo juu, wananiita Madam Kavutha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Muthiani nimemsalimia kama ulivyosema. Jumatano alikaa nami langoni muda mrefu. Nakunakilia tulivyoandikiana.

"Niaje Kavutha."

"Sijambo. Habari za huko? Umeshindaje? Watu wa kwenu hawajambo?"

"Wewe umekuwa mwalimu lini? Si uongee tu poa. Susu anaendelea aje na hiyo nyonga?"

Nilidhani umemwambia wewe. Nikajibu kwamba anaendelea vizuri.

"Na mzee wa Mumbuni?"

"Yupo. Mguu unamsumbua."

"Bado ni mkali?"

"Amepunguza."

"Mm. Ashawahi kunitaja?"

Mutheu, nilizima simu. Niliiweka juu ya meza nikaenda kusimama kwenye veranda. Muthiani ni Kisilu, na wewe ulijua. Hukunituma kumwagilia sukuma, ulinituma kwa mwanangu bila kuniambia, na sijui kama nikupongeze au nikuchape.

Yuko wapi? Anakula nini? Nimwambie kwamba ni mimi? Kila jioni anakuja langoni na ninamdanganya kwamba mimi ni msichana wa miaka ishirini. Nijibu haraka. Mimi sijui nifanye nini.

Baba yako


Shuleni, Mutomo
20 Juni 2025

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na kwa woga kidogo. Mafua yameisha. Nimesoma barua yako mara nne.

Ndiyo, nilijua. Kisilu yuko Athi River, anafanya kazi kiwandani, anapakia katoni. Anakula. Kiwanda gani sitakuambia. Aliniandikia hapa shuleni mwaka jana akaniapisha kwamba sitamwambia mtu wa nyumbani, ndiyo maana kila ukiuliza namsukumia Mama. Mama anajua kwamba yuko hai, basi. Nilifikiri mkikaa mahali pamoja hata kwa kupakana matope, kitu kitatokea. Nisamehe kwa kukuzunguka.

Lakini usimwambie ni wewe! Tafadhali Baba. Alisema siku ukimtafuta ataacha kazi, ataacha na mchezo, na hapo hata mimi nitakuwa sijui aliko. Endelea kuwa Kavutha mpaka nifunge shule, halafu tutapanga.

Na jambo la pili. Nimekumbuka sijakueleza vizuri kuhusu lango. Maadui wetu ni ukoo wa Mbweha, na wao pia wengi ni Wakamba. Ujanja wao ni kuja wakati wa mvua na kuwasalimia walinzi kwa Kikamba, eti wametoka Kathiani au Mwala, wamepotea. Usifungue hata akikutajia jina la nyanya yako.

Na la tatu, nami nina swali langu. Siku Kisilu alipoondoka nilikuwa shuleni. Najua ulivunja kompyuta. Lakini najua pia kwamba siku tatu baadaye alirudi, na hapo Mama anapofika ananyamaza. Ni nini kilitokea langoni kwetu?

Mutheu


Mumbuni
24 Juni 2025

Kwa Mutheu,

Natumaini u mzima. Barua yako bado haijafika na nimeona nisiingoje. Hapa hatujambo. Susu ametembea hadi mlangoni.

Nimeharibu, mwanangu.

Jumamosi nilikuwa kwenye zamu. Mvua ya mle ndani ilikuwa inanyesha, giza giza, na mbwa mwitu wanasikika. Mtu akaja hadi langoni akiwa peke yake, hana silaha. Akaniandikia salamu ya kwetu, "Uvoo waku?" Nikamjibu. Akanieleza kwa Kikamba safi kwamba ametoka Kathiani, amepotea, anaomba kujikinga mvua tu. Nilimuuliza Kathiani upande gani, akanitajia mlima, mto na soko. Kwetu mtu akija hivyo unamweka ndani kwanza, umpe cha kula, maswali ni baadaye. Nimelelewa hivyo na nimewalea hivyo. Nikafungua.

Waliingia watu arobaini nyuma yake.

Wamechoma ghala la nafaka, nyumba ishirini na mbili, na ule mnara wa kengele. Sikujua kwamba mnara huo aliujenga Kisilu mwenyewe, jiwe kwa jiwe, miaka miwili. Duarte ndiye aliyeniambia, na hakucheka. Nyumba yako imepona ila paa.

Kisilu aliandika mstari mmoja tu: "Aliyekuwa na ufunguo ajieleze kwenye baraza, Jumapili saa tisa mchana." Huko nitakwenda. Sijawahi kukimbia baraza maishani.

Baba yako


Mumbuni
30 Juni 2025

Kwa binti yangu Mutheu,

Barua yako ya tarehe 20 imefika leo asubuhi. Baraza lilikuwa jana. Kwa hiyo maonyo yako yote mawili yamenikuta nimekwisha kuyavunja, moja baada ya jingine. Sina wa kumlaumu ila posta na mimi mwenyewe.

Nikujibu swali lako kwanza, maana bila hilo hutaelewa la jana.

Kompyuta ya Kisilu niliivunja uani kwa mpini wa jembe, mbele ya wenzake wawili waliokuja kumtembelea. Aliondoka na nguo alizovaa. Siku ya tatu, mwezi ule wa Machi, mvua ikiwa inanyesha, alirudi akagonga lango. Nilikuwa ndani ya lango, umbali wa hatua tatu. Mama yako alikuwa nyuma yangu akiniambia, "Jeremiah, fungua." Nilijua amerudi kuchukua viatu na vyeti vyake, na nilitaka aombe kwanza. Sikufungua. Niliona miguu yake chini ya lango, imelowa. Alisimama pale muda ambao naweza kukuambia ni kama robo saa, halafu miguu ikaondoka. Hilo ndilo Mama yako hasemi. Mimi nimelibeba mwaka na zaidi nikiusingizia mchezo.

Sasa baraza. Walikuja watu sitini na watatu, wamekaa duara kwenye uwanja uliojaa majivu. Kisilu akaniuliza, "Kavutha, uliambiwa usifungue. Mbona ulifungua?" Wote wakangoja. Unajua ninavyoandika kwa kidole kimoja. Duarte akawaambia watulie, Madam anaandika. Niliandika hivi:

"Mimi si Kavutha. Ni Jeremiah Ndunda wa Mumbuni. Mwaka jana mwanangu alisimama nje ya lango langu kwenye mvua na sikumfungulia. Juzijuzi mtu mwingine alisimama kwenye mvua na sikuweza kumwacha. Kosa la Jumamosi ni langu. La mwaka jana pia ni langu."

Halafu kwenye simu yakatokea maneno kwamba Kamanthe ametolewa katika ukoo wa Iveti, nikajikuta nje ya kijiji, barabarani, peke yangu.

Nimepoteza nyumba yako ya miaka mitatu, na huenda nimempoteza kaka yako mara ya pili. Nilipaswa kukuomba ruhusa. Nisamehe. Nina huzuni ambayo sijui niiweke wapi katika nyumba hii.

Baba yako,
Jeremiah


Shuleni, Mutomo
7 Julai 2025

Kwa Baba,

Salamu. Niko mzima. Posta kwa mara ya kwanza imekimbia, barua yako ilifika Jumamosi.

Kwanza nikasirike, kisha nitaendelea. Nyumba yangu, Baba! Nimeambiwa imeshapewa mtu wa Tala ambaye hata hajui kupanga viti. Nililia darasani wakati wa Jiografia na Mwalimu akadhani nimeguswa na mambo ya jangwa. Nilitaka mwonane na Kisilu, ndiyo, lakini nyumba yangu pia niliitaka. Haya, nimemaliza kukasirika. Yaani, karibu nimalize.

Jana ilikuwa siku ya wageni. Nilikuwa nimekaa na rafiki yangu Mwongeli na mama yake, wakanikaribisha kuku, nikainua macho nikamwona Kisilu anakuja kutoka getini na mfuko wa machungwa. Amekonda kidogo. Ana ndevu, ambazo hazimfai. Tulikaa chini ya ukuta wa maabara na kwa muda mrefu alimenya machungwa tu.

Halafu akaniuliza, "Ni yeye mwenyewe aliandika? Hakuandikiwa?"

Nikamwambia ni wewe, kwa kidole kimoja. Nikampa barua yako, akaisoma. Alipofika pale kwenye viatu na vyeti alirudia mara mbili. Akasema, "Mwambie sikuwa nimekuja kuchukua viatu. Nilikuwa nimekuja kumwambia nitarudi kufanya ule mtihani." Akanirudishia barua na akageuka upande mwingine, na mimi nikajifanya natafuta kisu.

Nilimwomba namba yake ya simu nikupe. Akakataa. Nikamuuliza basi nikuambie nini. Alifikiria, akasema hivi, nimeyaandika mkononi ili nisiyaharibu: "Kama anataka kuja Iveti, asije na mtu wa Mutheu. Aje na wake, kwa jina lake, aanzie chini kabisa kama sisi sote. Akifika tutaona."

Ni hayo tu, Baba. Safari ya kutoka wanapoanzia watu wapya hadi Iveti ni mbali, na wapya hawana kitu. Wengi huacha njiani. Sijui kama alisema hivyo ili uje au ili usije.

Alinisindikiza hadi bwenini. Nilimkumbatia mbele ya matroni.

Mutheu


Mumbuni
27 Julai 2025

Kwa binti yangu mpendwa Mutheu,

Natumaini mtihani wa mwisho wa Kemia umekwisha na wote wawili mmepona, wewe na Madam. Barua hii nampa Levi wa duka la dawa anayepita Mutomo kesho, kwa hiyo haitachelewa. Susu anatembea kwa fimbo hadi kwenye uzio na kurudi. Mama yako na mimi tumepanda mboga upande wa nyuma kule Kathiani. Nilimwonyesha barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, akaniambia, "Basi nenda." Ndiyo maneno mengi zaidi ambayo amenipa mwaka huu.

Nilijiandikisha tarehe 14, siku ileile barua yako ilipofika. Wakaniuliza jina, nikaandika Jeremiah Ndunda. Nilipewa fimbo, mkate mmoja na shati. Safari imenichukua siku tisa, saa mbili kila mchana. Mbwa mwitu wameniua mara saba, na kila wakikuua unarudishwa nyuma. Nilivuka mto mahali pabaya nikapoteza mkate. Siku ya tano nilitaka kuacha, nitakuambia wazi, nikajiambia mimi ni mtu mzima na heshima yangu. Halafu nikakumbuka kwamba heshima hiyo hiyo ndiyo iliyosimama ndani ya lango, nikaendelea.

Nilifika Iveti Jumanne. Lango limefungwa. Sikugonga. Niliandika, "Ni mimi, Jeremiah, baba yako. Nimekuja kukuomba radhi." Nikakaa chini. Jumatano nikarudi nikaandika hivyo hivyo. Alhamisi hivyo hivyo. Watu wa ukoo walipita juu ya ukuta wakiniangalia, na Duarte alinitupia mkate, lakini hakuna aliyefungua, maana tangu moto ule ufunguo hukaa na Kisilu. Nilielewa ni vizuri nikae pale. Robo saa ile niliyomsimamisha sikuwahi kujua ni ndefu namna gani.

Ijumaa saa kumi na mbili alitoka. Hakunifungulia niingie. Alitoka yeye, akafunga nyuma yake, akasimama mbele yangu kwenye nyasi.

Nikaandika, "Nilikosea. Nilipaswa kukufungulia. Sikukuuliza hata ulichokuja kusema. Nisamehe, Kisilu."

Nilingoja sana. Niliona zile nukta tatu za mtu anayeandika, zinakuja, zinapotea, zinakuja. Mwisho akaandika:

"Baba, hiyo fimbo unaishika vibaya. Ndio maana mbwa mwitu wanakumaliza."

Akanionyesha. Unasubiri mnyama aruke, ndipo unapiga, si kabla. Alimwita mmoja kutoka msituni nikamkosa, akamwita mwingine nikamkosa, wa tatu nikampiga. Tulifanya hivyo hadi chaji ilipokaribia kuisha. Nililia, Mutheu, peke yangu sebuleni, huku nikipiga mbwa mwitu. Sioni haya kukuandikia.

Kabla ya kuzima aliniuliza kama chuo bado kinapokea waliobakisha mtihani. Nikamwambia sijui, nitauliza Jumatatu. Akasema niache, ataenda kuuliza mwenyewe. Halafu akasema Jumapili tarehe 3 hana kazi, atapanda Kathiani kumwona Susu. Hakusema atakuja kuniona mimi. Nikamwambia nitakuwepo. Akaandika, "Sawa."

Mnafunga shule Ijumaa. Usishukie hapa Mumbuni, pitiliza moja kwa moja hadi Kathiani, na Jumapili usiende kanisani na akina Mwongeli wala popote. Kuandika nimeweza, kwa kidole kimoja. Lakini sijawahi kumwambia yule kijana jambo kama hilo kwa mdomo, na sijui kama sauti itatoka. Kwa hiyo tutakapoketi mezani, wewe kaa katikati yetu.

Baba yako,
Jeremiah Ndunda